Kiroba Kipya cha Mzee Shimba

Ukitaka kujua Modesta Kokushubira ameamkaje, usimwangalie uso. Uso wake ni wa mtoto wa mwalimu wa Kamachumu, umefundishwa kutulia. Tazama mfuko wa kulia wa koti lake jeupe la maabara. Humo ndimo anamoweka kahawa zake za kutafuna, zile Wahaya wanazochemsha na majani yenye harufu kisha wakazikausha. Siku njema hutafuna mbili au tatu. Wiki ninayoisimulia, mfuko ulikuwa umevimba asubuhi, na kufika saa nne ulikuwa mtupu.

Mimi ni Evelina, mtunza stoo wa kituo chetu cha utafiti, huku juu kwenye mawe upande wa Ilemela. Kila chupa, kila glavu, kila mtungi wa gesi hupita mkononi kwangu na kusainiwa. Nasema mapema kwamba sina subira na watu wanaosaini bila kusoma, na kwamba katika habari hii mimi mwenyewe sikujipatia sifa yoyote.

Modesta ni fundi sanifu wa maabara. Ameolewa na Nathaniel Shimba, Msukuma wa Bujora anayefundisha hesabu sekondari, na wanaishi Kiseke na mtoto wao mmoja. Ni mtu wa wasiwasi tangu nimjue. Akifunga maabara hurudi kutikisa kitasa. Akifika getini hurudi tena. Walinzi walishachoka kumcheka. Lakini mikono yake haina mpinzani. Dokta Rwegasira, mkuu wetu, alizoea kusema kwamba siku mizani itakapotofautiana na Modesta, aitwe fundi wa mizani.

Kazi yao ilikuwa hii. Gesi asilia inayotoka ardhini kule kusini, sisi tunaichoma tu, kwa kupikia na kwa umeme. Lakini ukiweza kuzishika chembe zake na kuziunganisha mbili mbili, unapata gesi nyingine yenye thamani kubwa zaidi, ambayo ndiyo mwanzo wa ndoo, wa mabomba, hata wa kamba za nyavu zilizoanikwa pale chini ziwani. Shida ni kwamba chembe zile hazipendi kuungana. Ukizipasha moto pamoja na oksijeni zinaungua, mchezo umekwisha. Hapo ndipo kinapohitajika kichocheo, yaani unga unaoisukuma gesi ishike njia unayoitaka wewe, wakati unga wenyewe hauishi. Unga wa namna hiyo ni ghali. Dokta Rwegasira alitaka kuutengeneza kwa pumba za mpunga.

Pumba tunazo za kumwaga. Ukizichoma vizuri hubaki majivu meupe, na majivu yale hulowekwa katika maji yenye madini ya manganizi, yakaokwa tena kwenye tanuri. Basi. Hakuna dawa nyingine, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Dokta: pumba na manganizi peke yake. Alisisitiza pumba zote zitoke mashine moja ya kukoboa iliyoko Magu, zije katika viroba vipya, na kila kitu kiandikwe kwenye kitabu cha maabara kabla mkono haujakauka.

Sampuli kumi na sita za kwanza zilikuwa za kawaida tu. Kati ya kila sehemu mia za gesi iliyobadilika, kama thelathini ziliungana. Nyingine ziliungua bure. Mwezi wa kumi na mbili ikaja sampuli ya kumi na saba. Modesta aliisoma mashine, akaizima, akaiwasha, akaisoma tena. Sitini na nane. Akaja stoo kwangu mbio mbio, hajavua hata miwani ya kazi, akanishika mikono yote miwili. Unga ule ulifanya kazi siku mbili mfululizo bila kuchoka.

Dokta Rwegasira alicheka siku ile mpaka akatoa leso. Ni mtu mkavu, wa suti na kanisa, amebakiza miaka miwili astaafu. Aliandika makala akaituma kwenye jarida la nje, na sehemu ya unga akaituma Dar ikapimwe kilichomo, maana mashine hiyo hapa Mwanza hatuna. Halafu akaalika wageni: wakubwa wa utafiti na watu wawili wa kampuni ya gesi. Wangekuja Jumatatu, saa nne asubuhi, waone kwa macho yao sampuli mpya ikifanya yale yale.

Hapo ndipo kahawa zilipoanza kuisha mfukoni.

Sampuli ya kumi na nane ilitoa thelathini na moja. Ya kumi na tisa, ishirini na nane. Modesta alimwambia Dokta kwamba tanuri linayumba kwa sababu ya umeme kukatika, na umeme ulikuwa unakatika kweli, kwa hiyo Dokta akaamini. Siku kumi kabla ya wageni alinifuata stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya boksi la glavu.

"Dada Evelina, nimemwangamiza Daktari."

"Umemwangamizaje? Si nimemwona sasa hivi anakunywa chai?"

Hakucheka. Akanieleza. Mwezi ule wa kumi na mbili pumba za Magu zilinyeshewa uani zikaota ukungu. Kungoja mzigo mwingine kungechukua wiki nzima, na Dokta alikuwa anauliza kila asubuhi. Jumapili yake Modesta alikuwa Bujora kwa wakwe zake, akaona rundo la pumba kavu nyuma ya jiko. Akamwomba mama mkwe, na Jumatatu bodaboda akaleta kiroba kimoja getini. Pumba ni pumba, alijisemea. Kwenye kitabu, mahali pa kueleza zilikotoka, akaandika: kama sampuli ya kumi na sita. Ya kumi na nane na ya kumi na tisa zilikuwa za Magu tena.

"Maneno yale tunayaandika kila siku," alisema. "Kama ya jana, kama ya juzi. Mkono uliandika wenyewe."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Ameshaiandikia dunia nzima kwamba ni pumba za Magu. Na majibu ya Dar yanakuja wakati wowote. Yakionyesha kitu cha ajabu atafungua kitabu, atakuta nimedanganya kwa mwandiko wangu." Alitafuna kahawa, akatafuna nyingine kabla ya kumeza ya kwanza. "Watasema alipika matokeo, dada. Mzee wa watu, zimebaki siku chache apumzike."

Ningekuwa mtu wa maana ningemshika mkono tukaenda ofisini saa ile ile. Nilimpenda, nikaogopa naye. Nikamwambia: "Agiza pumba nyingine kule kule Bujora. Ikikubali, umepona, utamwambia taratibu baadaye." Hivi ndivyo nilivyomshauri, mimi ninayekaripia watu kwa kusaini ovyo.

Akampigia mama mkwe simu, akaeleza kwamba zile pumba zilimfaa sana ofisini, anaomba nyingine. Jumatano bodaboda akafika. Pumba zilikuwa zile zile, za shamba lile lile, zilizokobolewa Kisesa, ila safari hii zimo katika kiroba kipya cheupe, kimeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu utadhani zawadi ya harusi. Modesta alikigusa akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Akachoma, akaloweka, akaoka. Ijumaa mchana tulisimama wote wawili mbele ya mashine.

Thelathini.

Aliipima tena. Thelathini. Dokta alichungulia mlangoni akauliza, "Vipi, Modesta, Jumatatu tuko tayari?" Naye akajibu, "Tunaendelea, Daktari." Alipoondoka tulishindwa kutazamana.

Usiku ule hakulala, Nathaniel aliniambia baadaye. Alikuwa akinyanyuka kuhakikisha mlango umefungwa, mara sita. Asubuhi ya Jumamosi akaniomba nimsindikize Bujora. Alitaka kuona rundo lenyewe, udongo wake, jiko lake, lolote.

Sasa inabidi niwaeleze kidogo kuhusu nyumba ile. Mzee Shimba ni mfugaji wa zamani, mrefu, mkimya, na anashika heshima ya ukwe kama wazee wake walivyoishika. Miaka sita tangu Modesta aolewe, hajawahi kusema naye uso kwa uso. Wakikutana njiani mzee ndiye anayepisha, anaingia hata kwenye mihogo. Akiwa na neno kwa mkwe wake, analipitisha kwa mkewe. Modesta mwanzoni alidhani anachukiwa kwa kuwa Mhaya. Akalia sana. Ilibidi mumewe amfafanulie kwamba anaheshimiwa kupita kiasi.

Tulipofika, mzee alikuwa zizini. Alipotuona akageukia upande wa pili wa ng'ombe. Modesta akapiga magoti akamsalimia mama mkwe kwa Kisukuma chake cha kuazima. Mama akafurahi, akatuketisha, akaleta maziwa ya mgando. Lakini Modesta hakuweza hata kushika kikombe. Akauliza kuhusu pumba. Zilitoka jaruba gani? Zilikaa wapi? Nani alizijaza?

Mama mkwe akainamisha kichwa, akaanza kuomba radhi.

"Najua, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya kile kiloba cha kwanza."

"Kiroba gani, mama?"

"Kile cha zamani. Siku ile mzee alijaza halaka halaka, akachukua kiloba cha magadi ya ng'ombe, hakukikung'uta hata. Bodaboda alipoondoka nikamuuliza, wewe Shimba, mkwe unampelekeaje kitu kwenye kiloba cha magadi? Watu wa ofisini watamwonaje? Aliona aibu huyu mzee, mpaka chakula hakula. Uliposema unataka nyingine, akaenda mwenyewe Kisesa kununua kiloba kipya. Na uzi akachagua yeye."

Nilimtazama Modesta. Mdomo ulikuwa wazi. Magadi, hata mimi wa stoo najua, yana sodiamu. Lebo za makopo yangu zinasema hivyo. Pumba zilisafiri kutoka Bujora zikisuguana na unga wa magadi, zikachomwa nao, majivu yakayeyukia humo. Heshima ya mzee ndiyo iliyotusafishia pumba za mara ya pili.

"Kile cha zamani kiko wapi, mama?"

Kilikuwa kimetundikwa zizini, na magadi yameganda kwenye mishono yake. Modesta alikikumbatia palepale, kikiwa na mavi ya ng'ombe na kila kitu, akaanza kulia kwa sauti. Mama mkwe akanitazama kwa hofu. Na kule nyuma ya ng'ombe, Mzee Shimba akavua kofia yake, akasimama nayo mkononi, hajui afanye nini.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulikuwa maabara. Modesta alichukua pumba za kiroba kipya, akakung'utia humo vumbi la kiroba cha zamani, akapima kila kitu, akachoma, akaoka. Jioni mashine ikasema sitini na sita.

Mimi niliruka. Nikamwambia, "Umepona! Kesho weka hii. Wageni wataona namba, watapiga makofi, wataondoka. Nani atauliza habari za kiroba?"

Alitoa kahawa moja mfukoni, akaigeuza geuza kiganjani bila kuila.

"Ni kweli, hakuna atakayeuliza," alisema. "Ndiyo maana naogopa. Nikinyamaza kesho, nitarudi kutikisa hiki kitasa maisha yangu yote."

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, tuligonga mlango wa Dokta Rwegasira. Niliingia naye kwa sababu ushauri mbaya ulikuwa wangu, nami nilitaka kusema hivyo. Dokta alikuwa amevaa tai mpya. Mezani palikuwa na vitabu vya wageni vya kusaini, vimepangwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Modesta. Evelina, na wewe? Kuna nini?"

"Waitu, Daktari," alianza kwa neno la heshima la kwao, "sampuli ya kumi na saba haikuwa kama kitabu kinavyosema."

Akasema yote, amesimama, kiroba kile cha magadi amekishika mbele yake kwa mikono miwili. Dokta hakumkatiza. Aliposikia neno magadi, alivua miwani. Kisha akaenda kwenye rafu, akatoa lundo la makala za zamani, akafunua moja, akaweka kidole kwenye mstari bila kuutafuta. Niliona karatasi imekuwa ya njano.

"Sodiamu," alisema. "Wenzetu wa nje wanajua hili tangu mimi kijana. Inabadilisha silika, yale majivu meupe ya pumba, ikiwa motoni. Nilifundisha mwenyewe." Akakaa. "Mimi niliandika kwamba pumba zinatosha bila kuongeza chochote. Kumbe ziliongezwa. Kwa hiyo hatujagundua kitu."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Tulikuwa tumehangaika wiki nzima kuirudisha namba ile, na ukweli ulipokuja na namba mkononi, ukaichukua fahari yake yote ukaondoka nayo. Modesta alilia bila sauti.

"Lete kitabu," Dokta alisema. Kikaletwa. "Soma ulichoandika."

"Kama sampuli ya kumi na sita."

"Soma tena."

Alisoma tena. Dokta akavaa tena miwani yake, akasema, "Maneno hayo sitaki kuyaona katika jengo hili mpaka nistaafu. Sasa kanawe uso. Wageni wana haki ya kukuta watu wamenawa."

Saa nne alisimama mbele ya wageni, akawaeleza: matokeo hayakuwa kama yalivyoandikwa, kosa liko kwenye kumbukumbu zetu, makala anaiondoa, na anawajibika yeye kwa sababu alisaini kila ukurasa. Hakutaja jina la mtu. Mgeni mmoja wa kampuni ya gesi aliitazama saa yake. Mwingine aliuliza maswali mawili kuhusu majivu, akayaandika. Wakanywa chai yetu, na kabla ya saa sita gari lilikuwa limeshuka mlima. Dokta alivua tai akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni.

Alhamisi majibu ya Dar yakafika. Sodiamu ilikuwa mstari wa tatu, namba yake kubwa, huwezi kuikosa. Nilihesabu siku kwenye vidole vyangu. Tulikuwa tumeyatangulia kwa siku tatu tu.

Modesta alipewa barua ya onyo, nami nikapewa yangu, maana niliiomba. Watu wa majengo ya jirani walinong'ona wakachoka. Alibaki kazini, ingawa kwa wiki kadhaa alitembea akiwa amejikunja, utadhani anasubiri kuitwa.

Kisha Ijumaa moja, tukiwa stoo tunakunywa chai, simu yake ikaita. Spika yake ya sikioni ni mbovu, lazima aweke sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote. Alikuwa mama mkwe. Salamu zikaisha, ikasikika mivumo ya upepo, halafu ikaja sauti nyingine, nzito, ya mtu anayeshika simu mbali na mdomo.

"Mkwe."

Modesta alisimama wima, hata kikombe akakiweka chini pembeni ya kiti bila kuangalia. Miaka sita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe, nimesikia ulipata matatizo kazini. Ile siku nilikuona unalia na kile kiloba. Ni kosa langu. Nilikutia aibu mbele ya watu wako. Unisamehe."

Modesta alifungua mdomo. Nilijua alichotaka kusema: kwamba kiroba kile kichafu ndicho kilichotoa namba, kwamba hakuna aliyemtia aibu ila mkono wake mwenyewe. Lakini mzee alikuwa amevuka ukuta mkubwa kufika kwenye simu ile, na kule upande wa pili tulimsikia anahema.

"Baba," alisema, na machozi yanashuka mpaka kidevuni, "hukunitia aibu. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Na kile kipya kilikuwa kizuri sana. Uzi wake nimeutunza."

"Ee," mzee akasema. "Basi vizuri." Simu ikakatika.

Modesta alijifuta kwa mkono wa koti, akachukua kitabu cha maabara akaenda mezani kwangu, akaanza kuandika ukurasa mpya. Nilimsogelea nikasoma juu ya bega lake, kama ninavyosoma siku hizi kila kitu kabla ya kusaini. Sampuli ya ishirini na mbili. Pumba: shamba la Mzee Shimba, Bujora, zimekobolewa Kisesa. Kiroba: kipya, cheupe, kimenunuliwa na mwenye shamba, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Magadi: yamepimwa na kuongezwa kwa makusudi, uzito kama ulivyo hapa chini. Alijaza mistari kumi na moja mahali ambapo zamani angeandika maneno sita. Kisha akanipa kalamu.